SOMO: Programu yako ya C ianzie kiwango kipi ili ikubali kila mashine

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki. Naliweka hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha huku. Kiwango ni toleo la kanuni za lugha ya C: C89, C99, C11, C17, C23, namba ni mwaka.

1. Orodhesha mashine za watumiaji wako, si yako.

2. Tafuta kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa programu ya kuendesha) kuukuu kuliko zote humo. Linux ya CentOS 7 ina kompaila ya GCC 4.8, Visual Studio ya Microsoft imekubali C11 na C17 mwaka 2020 tu.

3. Chagua. Kwa wengi wenu jibu ni C99 bila safu za urefu unaobadilika (VLA): kompaila ya Microsoft haijawahi kuzikubali, na C11 yenyewe ilizifanya hiari. Miradi ya curl (kuhamisha data mtandaoni) na SQLite (hifadhidata) imeshikilia C89, na ina haki, inaingia kwenye vifaa vya kila aina.

4. Kiandike kwenye Makefile (faili la maagizo ya kukompaili). Hapa tulia. Usipoandika, GCC inajichagulia: hadi 4.9 ilikuwa gnu90 (C90, yaani C89, pamoja na nyongeza za GNU), ya 5 gnu11, ya 8 gnu17, ya 15 gnu23. Kodi ileile, mashine mbili, majibu mawili. Ukiandika -std=c99 peke yake, glibc (maktaba ya C ya Linux) inaficha strdup, fileno na wenzao wa POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix. GCC za kabla ya 14 zinatoa onyo tu, zinachukulia strdup inarudisha int, na kwenye biti 64 nusu ya pointa (anwani ya kumbukumbu) inapotea. Inakompaili vizuri, inaanguka kwa mteja. Ongeza -D_POSIX_C_SOURCE=200809L na -Werror=implicit-function-declaration. Msizime maonyo!

5. Jaribu kwa kompaila za GCC, Clang na MSVC (ya Microsoft).

MASWALI

– Kwangu inagoma, msaada.
– Inagoma vipi? Bandika kosa, amri uliyotumia na toleo la kompaila.
– Inakataa for (int i = 0...
– Hatua ya 4. Hukuisoma: hukuandika kiwango, GCC ikajichagulia gnu90, nayo haikubali hiyo.

– Si bora C11 tupate threads.h (ya nyuzi, kazi zinazoendeshwa sambamba)?
– Ni hiari hata ndani ya C11. Kagua __STDC_NO_THREADS__, au tumia pthread, nyuzi za POSIX.

– Mkuu, kodi yangu ya zamani ina typedef int bool. GCC 15 imeikataa. Kwa nini?
– Swali zuri. Katika C23 bool, true na false ni maneno ya lugha yenyewe, huwezi kuyapa maana yako. Weka -std=gnu17 upumue, kisha futa hiyo typedef utumie stdbool.h, ipo tangu C99. Kagua na mabano matupu: void f() sasa ni sawa na void f(void), kwa hiyo ukiiita kwa hoja itagoma.
– Asante sana. GCC za zamani nazipata wapi bila kusakinisha?
– Fungua godbolt.org, ubandike kipande cha kodi, uchague toleo. Hata za 4 zipo.