Somo: Kufunga upya (ovaholi) injini ya Hilux 3L nyumbani kwa mara ya kwanza

Somo hili ni la dizeli ya Toyota 3L, ile ya cc 2,779 iliyo kwenye Hilux na Hiace nyingi za zamani hapa Nairobi. Kabla hujashika spana: usinunue kitu Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, mpaka injini ifunguliwe na kupimwa. Ukikimbilia kununua seti nzima utarudi na pistoni za standadi (saizi ya kiwandani), halafu silinda zionekane zinataka kuboriwa (kuchongwa ziwe pana zaidi), na muuzaji hatazirudisha.

1. Kabla ya kufungua. Injini ikiwa na joto, toa hita plagi zote nne (za kupasha silinda joto), chomoa waya wa solenoidi (swichi ya kukata dizeli) kwenye pampu ya dizeli, kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwa betri iliyojaa. Andika namba za kila silinda. Tofauti kati ya silinda na nyingine isizidi bar 5.

2. Kufungua. Boliti za hedi (kipande cha juu kinachofunika silinda) zilegezwe injini ikiwa baridi kabisa, kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati. La sivyo hedi inapinda. Vifuniko vya konrodi (mikono ya pistoni) na vya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) viwekwe alama ya namba na upande wa mbele, kwa sababu kila kimoja kilichongwa kikiwa mahali pake na hakibadilishwi na kingine. Shimu za valvu (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) kila moja kwenye kikaratasi chake.

3. Kwa wachongaji. Hedi ipimwe nyufa kwa presha kwanza, ndipo iskimiwe (uso wake usawazishwe). Wengi hufanya kinyume na kulipia kuskimu hedi ambayo ilishapasuka kati ya valvu. Ukiweka rula ya chuma juu yake na fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.20 ikapita, imepinda kupita kiasi. Kama silinda zinaboriwa, nunua pistoni za 0.50 (kubwa kuliko standadi kwa milimita 0.50) kwanza uwapelekee pamoja na bloku (mwili wa injini wenye silinda): silinda huchongwa kufuata pistoni iliyopo mkononi, si kufuata namba ya kwenye boksi.

4. Kusafisha. Hapa ndipo ovaholi nyingi hufia. Unga wa jiwe la honi (la kukwaruza ukuta wa silinda) hautoki kwa petroli wala dizeli, unazama ndani ya michirizi ya silinda na kula ringi mpya za pistoni. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, kausha haraka, pakaza oili, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudia. Njia za oili kwenye bloku na krenki zipitishwe brashi nyembamba na hewa ya kompresa.

5. Kufunga. Weka beringi kavu mgongoni, oili upande wa krenki tu. Pima nafasi kwa plastigeji (uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na krenki) bila kuzungusha krenki. Ikizidi milimita 0.10 beringi hizo hazifai. Ringi alama yake itazame juu, na midomo ya ringi (pale zilipokatika) isipangwe mstari mmoja.

Sasa gasketi ya hedi. Za 3L zinakuja kwa unene wa aina tatu, B, D na F, na unachagua kwa kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloku ikifika mwisho wake. Dukani watakupa yoyote iliyopo. Nyembamba mno, pistoni inagonga hedi. Nene mno, kompresheni inapungua na asubuhi gari haliwaki.

Matundu ya boliti yakaushwe, kwani oili iliyonaswa chini inaweza kupasua bloku. Kaza kutoka katikati hadi Nm 78, weka tone la rangi kwenye kila boliti uone inavyozunguka, ongeza nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha 90 tena.

6. Kuwasha. Waya wa solenoidi ukiwa bado umechomolewa, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe waya. Ikiwaka, usiiache sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) muda mrefu. Badilisha oili na filta kwenye kilomita 1,000, na mpaka hapo usiipandishe mwinuko wa Mai Mahiu ikiwa na mzigo.

Maswali ya wanachama

Swali: Boss, kompresheni ya silinda zote nne iko chini ya namba ya kitabu cha injini lakini zinalingana. Ni ringi?
Jibu: Huenda si ringi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kama moja ya tano kuliko Mombasa, na geji hushuka vivyo hivyo. Angalia tofauti kati yao na moshi wa briza (bomba la kupumulia la injini).

Swali: Kucha yangu inanasa kwenye mkwaruzo wa krenki. Nipige msasa tu?
Jibu: Hapana, mkuu. Msasa wa mkono unaharibu duara. Isagwe kwa mashine ipungue milimita 0.25, kisha ununue beringi za 0.25, kwa mpangilio huo.

Swali: Fundi wa mtaani anasema nitupe thermostati, huku hakuna baridi ya kuihitaji.
Jibu: Irudishe. Injini baridi hulika silinda na kutoa moshi. Kama inachemka, anza na kifuniko cha rejeta: hapa maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo springi ya kifuniko iliyochoka inatosha kukuchemshia injini iliyofungwa upya jana.