Namna ya Kuchagua Ufukwe wa Mapumziko Unguja na Pemba

Mtu anayepanga kwenda Zanzibar kupumzika kwa kawaida huanza na hoteli: hutazama picha, hulinganisha bei, husoma sifa zilizoandikwa na wageni waliotangulia, kisha hulipa. Kwa safari ya mjini utaratibu huo hauna ubaya. Kwa safari ya pwani una kasoro moja kubwa, kwani picha karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa, ilhali sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Unguja hupwa kiasi kwamba mtu anaweza kutembea robo saa au zaidi juu ya mchanga na mawe bila kupata maji ya kumfika kiunoni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashauri mpangilio mwingine: anza na maji, fuata upepo, na mahali pa kulala patafutwe mwisho.

Bahari hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvu, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Wavuvi hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo, na mgeni naye anaweza kuitumia bila shida, maana kalenda yoyote ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inamtosha: bamvu liko kwenye mwezi mosi hadi tatu, yaani tarehe moja hadi tatu ya mwezi wa Kiislamu, na mwezi kumi na tano hadi kumi na saba, na maji mafu yako karibu na mwezi nane na mwezi ishirini na tatu.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo kwangu ndilo lenye faida kuliko yote, ni kwamba vipindi hivyo vina saa zake. Wakati wa bamvu maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa jioni, tena hayaendi mbali. Ichukue familia inayofika Jambiani mwezi kumi na tano na kukaa siku tatu. Watoto watamaliza chai, watachukua maboya yao na kushuka pwani saa nne, na watakuta bahari imekimbilia kwenye mwamba kilomita moja na zaidi kutoka walipo. Mbele yao ni mchanga wenye makunyanzi, madimbwi ya maji ya moto, ngalawa zilizolala ubavu, na safu za vigingi vilivyofungwa kamba za mwani, ambako akina mama wameinama wakifunga miche kabla maji hayajarudi. Ni mandhari ya kuvutia kwa anayependa kutembea na kutazama, lakini aliyekuja kuogelea atasubiri hadi alasiri. Familia hiyo hiyo ikifika mwezi nane itakuta maji mlangoni asubuhi, na itaondoka ikisema Jambiani ni pwani bora kuliko zote.

Iwapo likizo yako haiwezi kusogezwa na imeangukia kwenye bamvu, una njia mbili. Ya kwanza ni kwenda mashariki ukijua kwamba asubuhi ni ya matembezi, au ya safari ya Msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, na jioni ndiyo ya kuogelea. Ya pili ni kwenda Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi, ambako ufukwe huingia kwenye kina kwa haraka zaidi na mtu huweza kuogelea karibu saa zote. Kendwa ina faida nyingine ya kutazama magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini mbele yako. Ila gharama yake ni watu. Nungwi na Kendwa zina hoteli nyingi, muziki wa usiku, na papasi wanaomfuata mgeni kwa maneno matamu kuanzia asubuhi. Kwa vijana wanaotaka pilikapilika hapo ndipo pahala pao, lakini mwenye kutafuta utulivu asidanganywe na rangi ya maji. Hata hivyo, anayefika Nungwi asiache kupita kwa mafundi wanaounda vyombo vya mbao ufukweni, kazi ambayo bado inafanywa kwa mikono hadharani.

Pwani ya mashariki si kitu kimoja, ingawa mara nyingi husemwa kana kwamba ni kimoja. Matemwe na Pwani Mchangani zina mchanga mweupe mrefu usio na watu wengi, na mbele ya Matemwe kuna kisiwa cha Mnemba, ambacho miamba yake inayokizunguka hupendwa na wazamiaji. Ningelazimishwa kuchagua pwani moja kwa wiki ya maji mafu, ningechagua Matemwe. Kiwengwa imejaa hoteli kubwa ambazo mgeni hulipia kila kitu kwa pamoja, chakula na vinywaji, na kwa kawaida hatoki nje ya uzio. Pongwe ni ghuba ndogo na tulivu. Uroa na Chwaka ni vijiji vya wavuvi zaidi kuliko vya watalii. Michamvi ina pande mbili: Pingwe inatazama mashariki, penye ule mkahawa juu ya jiwe unaoendewa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa, na Kae inatazama magharibi kwenye Ghuba ya Chwaka, moja ya sehemu chache za upande huo ambapo mtu huliona jua likizama. Paje ni ya mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara, na Jambiani, iliyo kusini yake, ni ya anayetaka kuishi karibu na kijiji. Kizimkazi, ambayo iko kusini-magharibi na si mashariki, ina vighuba vidogo chini ya majabali, na msikiti ambao maandishi yake ya mihrabu yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia.

Hapo upepo unaingia. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, nayo huleta joto na anga safi. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, nayo huleta ubaridi kidogo, mawimbi makubwa nje ya mwamba na vumbi la mchanga ufukweni. Pwani ya mashariki hupokea pepo zote mbili, ndiyo maana Paje imekuwa makao ya mchezo wa tiara, na ndiyo maana mtu anayetaka kulala kivulini na kusoma kitabu bila kushika kurasa kwa mikono miwili asiende Paje mwezi wa Julai. Kendwa na Kae zina kinga zaidi wakati wa kusi. Katikati ya pepo hizo kuna tanga mbili, kipindi ambacho bahari hutulia, lakini cha kwanza huangukia kwenye masika, Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa mwezi wa Aprili na Mei. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida hupita haraka na hazipaswi kumtia mtu hofu. Upepo unapovuma kuelekea nchi kavu huleta pia majani ya bahari yanayorundikana ufukweni na kunuka kwa siku chache. Si uchafu, wala si kosa la hoteli.

Ukishajua kipindi chako na upande wako, ndipo uanze kuuliza hoteli, tena uulize kwa Kiswahili na kwa maneno yasiyokwepeka. Usiulize kama ufukwe ni mzuri. Uliza: maji yakipwa wakati wa bamvu, mtu anatembea kiasi gani hadi apate maji ya kiunoni? Chini ni mchanga au mawe? Kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu? Mbele ya hoteli kuna mashamba ya mwani? Mwenye hoteli mwaminifu atajibu moja kwa moja, na anayekwepa amekwisha kujibu. Picha nazo zinaweza kukaguliwa: ngalawa zikiwa zinaelea na mizizi ya minazi ikikaribia maji, picha ni ya maji kujaa, tafuta nyingine iliyopigwa na mgeni saa tofauti. Uliza vilevile bei ya mkaazi, maana hoteli nyingi zina bei mbili, na Mtanzania asiyeuliza huweza kutozwa ya mtalii. Chukua kitambulisho chako. Kwenye pwani yenye mawe, viatu vya mpira vya kuogelea navyo ni lazima.

Akina mama wa mwani wanastahili neno la peke yake. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa wengi wao kamba zile ndizo ada za shule na chakula cha nyumbani. Pita baina ya mashamba, usikanyage kamba, na usipige picha kabla ya kusalimia na kuomba. Vivyo hivyo, ufukwe wa mbele ya hoteli mara nyingi ndiyo njia ya kijiji. Nguo za kuogelea zibaki majini na kwenye viti vya hoteli, na anayekwenda dukani ajifunike kuanzia mabegani hadi magotini. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya vijijini hufungwa mchana, na mgeni hula na kunywa ndani ya hoteli yake.

Pemba ni uamuzi wa aina nyingine. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mikoko na vighuba vyenye kina, si mchanga, na anayetarajia Kendwa ya pili atasikitika. Lakini kaskazini kabisa, katika rasi ya Kigomasha, kuna Vumawimbi, ufukwe mpana mweupe ambao siku nyingi huwa na wavuvi tu. Njia inapita Konde na kuingia Msitu wa Ngezi, na huduma huko ni chache, kwa hiyo chukua maji ya kunywa na chakula, na upatane na dereva akurudishe kabla ya giza. Kwa matumbawe nenda kisiwa cha Misali, kwa mashua kutoka Wesha, karibu na Chake Chake. Ni eneo la hifadhi tangu 1998 na kina kiingilio. Wakati wa kusi mkondo wa Nungwi, ulio kati ya Unguja na Pemba, huchafuka, na asiyestahimili kichefuchefu cha bahari afadhali apande ndege hadi Chake Chake kuliko boti hadi Mkoani.

Mwenye siku moja tu mjini asihangaike kwenda mashariki. Fungu la mchanga la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe, huonekana maji yakipwa na humezwa yakijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka ipangwe na nahodha kwa kufuata maji. Mwenye siku tano au zaidi anaweza kugawanya: siku tatu mashariki, mbili Kendwa. Daladala namba 116 huenda Nungwi na 309 Jambiani kwa nauli ndogo, lakini hujaa mizigo na huchukua muda. Wenye watoto wakodi gari. Ikiwa boti yako ya kurudi Dar es Salaam ni ya asubuhi, usiku wa mwisho lala mjini, maana kutoka Nungwi hadi bandarini ni zaidi ya saa moja ya barabara, na boti haimsubiri mtu.