Deni Marekani, Kiwanja Mtwapa: Pesa Zako na Kibali cha Usalama

Vijana wengi wa Mombasa waliopata uraia wa Marekani, hasa waliopitia jeshini, hufika mahali wakaambiwa kazi wanayoitaka inahitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Hapo ndipo simu za usiku huanza kuingia Kisauni na Likoni: "Nina deni la kadi. Nitanyimwa?"

Deni peke yake mara nyingi halimnyimi mtu kibali. Kinachomponza ni deni alilolitelekeza, na zaidi ya hilo, deni alilolificha.

Kibali hukiombi mwenyewe. Mwajiri au idara ya serikali ndiyo hukuombea, na kwa kawaida ni lazima uwe raia. Kazi yako ni kujaza fomu ya SF-86. Kifungu cha 26 ndicho cha fedha: ulitangaza kufilisika katika miaka 7 iliyopita? Kuna mwaka hukupeleka ritani ya kodi au hukulipa? Una deni lililochelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 120? Mshahara umekatwa kwa amri ya mahakama, gari limechukuliwa, kamari imekumaliza? Jibu kweli tupu. Wapelelezi wanaipata ripoti yako ya mikopo, na kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai ambalo kifungo chake hufika miaka 5. Hata ukishapewa kibali, siku hizi rekodi zako huendelea kufuatiliwa.

Kanuni za uamuzi zinazotumika tangu 2017 zina miongozo 13, na ule wa fedha ni Mwongozo F. Hofu yao ni mbili: aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kwa pesa, na asiyetimiza ahadi zake za fedha huenda asitunze siri pia. Lakini kanuni hizo hizo zinatambua kuwa binadamu hupatwa. Kuachishwa kazi, ugonjwa, talaka, kufiwa, yote husikilizwa, mradi uonyeshe kwamba baada ya kupatwa hukukaa tu: ulimpigia anayekudai, mkapanga malipo, ukayafuata.

Sasa tuje kwetu, kwenye michango. Kusafirisha maiti ya mzazi hakuna atakayekulaumu. Ila kuiacha kadi ya mkopo miezi mitano ili uonekane kwenye harusi ya binamu Bamburi, hilo utalieleza vipi kwa afisa? Kwake hiyo si dharura, ni chaguo lako. Nyumbani watanuna kidogo, kisha watazoea. Waambie mapema kiasi unachokiweza kwa mwezi, usivuke hapo.

Kutuma pesa si kosa, lakini fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu wa nchi ya nje. Mama yako wa Majengo anayepokea kitu kila mwisho wa mwezi anaandikwa, yeye na makadirio ya kiasi. Weka risiti za kampuni unazotumia kutuma. Kuwa na jamaa Mombasa hakukuangushi. Wanachopima ni kama mtu anaweza kukushinikiza kupitia kwao.

Kiwanja ndicho huwatega wengi. Umenunua Mtwapa, hati ikaandikwa jina la kaka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Usijiambie kwamba si chako. Fomu inataka mali ya nje unayomiliki, hata ile unayopanga kununua, pamoja na maslahi ya kifedha ambayo mtu mwingine anakushikia. Mwombe kaka picha ya hati na mkataba wa mauziano sasa hivi, kabla afisa hajauliza.

Akaunti nazo zina sheria yake. Jumla ya akaunti zako za nje ikipita dola 10,000 siku yoyote katika mwaka, unapeleka FBAR, yaani taarifa ya akaunti za nje, kwa Hazina ya Marekani. Mweka hazina wa chama mwenye saini kwenye akaunti ya benki ya Mombasa yumo pia, hata kama hakuna senti yake humo.

Kabla hujajaza chochote, vuta ripoti zako za mikopo kutoka kampuni tatu zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion. Sheria inakupa bure. Deni usilolitambua, lipinge kwa maandishi. Unalolitambua, panga malipo hata madogo na utunze kila karatasi. Mshauri wa madeni wa shirika lisilo la faida ana uzito mbele ya waamuzi. Wanaoahidi kufuta madeni yako yote kwa ada ya mbele, wakimbie.

Walio Uingereza wasijione salama: ngazi za kibali cha huko ziitwazo SC na DV nazo huangalia mikopo.

Ukiletewa barua yenye sababu za kutaka kukunyima, usiitie droo. Kwa mfanyakazi wa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, jibu la maandishi linatakiwa ndani ya siku 20 tangu aipokee, na humo humo anaweza kuomba kusikilizwa mbele ya jaji. Jibu kila dai kivyake, na kila dai liambatane na stakabadhi yake.