Mac mini na kibodi ya Windows: jinsi ya kuipanga mpaka kila kitufe kifanye kazi yake

Mac mini tangu itoke mwaka 2005 inauzwa bila kibodi, bila mausi na bila skrini, unanunua kiboksi chenyewe vingine unajitafutia, ndo maana ofisi nyingi hapa Dar utakuta Mac mini imechomekwa kibodi ya kawaida ya Windows iliyonunuliwa Kariakoo. Mimi kazi yangu ni kuediti video na kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na kibodi za namna hiyo ndo natumia kila siku, na nasema wazi kabisa huna haja ya kununua kibodi ya Apple ili ufanye kazi vizuri. Unayoimudu inatosha. Ila lazima uipange, na huwezi kuipanga kama hujui kitufe kipi kompyuta inakiona na kipi haikioni, hapo ndo watu wengi wanapohangaika.

Hatua ya 1: Angalia umbo kabla hujalipa

Kibodi nyingi ni za maumbo mawili. Umbo la Kimarekani, ambalo mafundi wanaliita ANSI, Enter yake imelala kwenye mstari mmoja na Shift ya kushoto ni ndefu imegusana na Z. Umbo la Ulaya, ISO, Enter yake imesimama mistari miwili na Shift ya kushoto ni fupi, kati yake na Z kuna kitufe kimoja cha ziada. Zote zinafanya kazi, wewe jua tu yako ni ipi maana utaulizwa mbele.

Zile zinazotoka Dubai zenye herufi za Kiarabu pembeni ya zetu usiziogope. Kompyuta haisomi kilichochapwa juu ya kitufe, kila kitufe kinatuma namba tu na ni mfumo wa kompyuta ndo unaamua ile namba iwe herufi gani. Hilo likikukaa kichwani mengine yote yatakuwa mepesi.

Kama una nafasi ya kuchagua, chukua ya waya ya USB, ndefu, yenye namba upande wa kulia na isiyo na kitufe cha Fn. Sababu nitaieleza hatua ya 5.

Hatua ya 2: Chomeka na ujibu kwa usahihi

Ukichomeka mara ya kwanza Mac itafungua kidirisha kinachokwambia ubonyeze kitufe kilicho kulia kwa Shift ya kushoto, halafu kilicho kushoto kwa Shift ya kulia. Usibahatishe hapa, watu wanabonyeza chochote ili kidirisha kiondoke halafu baadae kitufe cha juu kushoto, pembeni ya 1, kinatoa alama isiyo yake. Ikishakutokea nenda System Settings, kisha Keyboard, tafuta pa kubadili aina ya kibodi, rudia maswali na ujibu vizuri. Na kama unatumia MacBook ya kisasa badala ya Mac mini, inaweza kwanza kukuuliza kama unaruhusu kifaa kiunganishwe, ruhusu.

Hatua ya 3: Jaribu ng'ombe

Hii hatua miongozo ya Kiingereza haina kwa sababu wao haiwahusu, ila sisi inatuhusu sana. Fungua sehemu yoyote ya kuandika uandike: ng'ombe, ng'ang'ania, ng'oa. Halafu andika @ na " na #.

Ukiona imetoka ngómbe na ngángánia, yaani ile ritifaa (') imepotea na herufi inayofuata imeota alama kichwani, basi umechaguliwa mpangilio unaoitwa U.S. International – PC. Mpangilio ule umetengenezwa kwa watu wanaoandika Kireno, Kifaransa, Kihispania na lugha kama hizo, wao wakibonyeza ritifaa hawataki ritifaa, wanataka ikae juu ya irabu inayofuata. Kwetu ni balaa maana ng' karibu kila mara inafuatwa na irabu. Tuliwahi kukabidhi kazi nzima ya ufugaji, video zaidi ya kumi, na kila penye ng'ombe paliandikwa hivyo, aliyechapa alikuwa anaangalia kibodi haangalii skrini, ikabidi turudie kusoma mstari kwa mstari. Na Windows nayo ina mpangilio huohuo na tabia hiyohiyo, kwa hiyo hili si la Mac peke yake.

Dawa yake: System Settings, Keyboard, shuka kwenye Text Input, bonyeza Edit pembeni ya Input Sources, ongeza mpangilio unaoitwa U.S. au ABC, halafu ule wa kimataifa ufute kabisa. Usiuache pale pembeni, maana kuna siku utabonyeza shotikati ya kubadili lugha bila kujua na utarudi kulekule. Kama unauhitaji kweli kwa ajili ya Kifaransa, basi jizoeze kubonyeza ritifaa halafu spesi halafu irabu, itatoka sawa.

Ukiona @ na " zimebadilishana sehemu, hapo umechagua mpangilio wa Uingereza, ule wa British – PC, wakati kibodi yako ni ya Kimarekani. Ukichagua British wa kawaida wa Mac, Shift na 3 itakupa alama ya pauni na # utaipata kwa Option na 3. Kwa kibodi nyingi za Kariakoo U.S. ndo inayoendana na kilichochapwa.

Hatua ya 4: Badilishana Alt na kitufe cha Windows

Kwenye kibodi ya Apple kitufe kinachogusana na spesi ni Command, halafu Option. Kwenye ya Windows kinachogusana na spesi ni Alt, halafu chenye alama ya Windows. Mac inakisoma cha Windows kama Command na Alt kama Option, kwa hiyo kila ukitaka kukopi dole gumba linaenda pasipo sahihi.

Nenda Keyboard, kisha Keyboard Shortcuts, kisha Modifier Keys. Juu kabisa kuna sehemu ya kuchagua kibodi, ANZA HAPO, chagua ile ya nje uliyochomeka. Kwenye Mac mini yenye kibodi moja hutapata shida, ila kwenye MacBook ukiruka hapo utakuwa umebadili vitufe vya laptopu yenyewe na ya nje imebaki vilevile, halafu unakaa unajiuliza mbona haijakubali. Ukishachagua, Option ifanye iwe Command na Command iwe Option. Bonyeza Done. Sasa Alt ndo Command yako, kukopi ni Alt na C. Kama mnatumia kibodi hiyo watu wengi, bandika kastika kadogo kwenye vile vitufe viwili, kila mtu apone.

Kuna kibodi kama za Keychron zina swichi pembeni ya Mac na Windows, hizo weka swichi upande wa Mac na uiruke hatua hii. Ukifanya vyote viwili utakuwa umegeuza mara mbili na umerudi ulipoanzia.

Hatua ya 5: Mstari wa F1 mpaka F12, na huyu Fn

Kwenye kibodi ya Apple, Fn inaonekana na kompyuta. Ukiibonyeza Mac inajua, na ndo maana kwenye setingi kuna pa kuchagua F1 na wenzake wafanye kazi ya kawaida au wapunguze mwanga na sauti. Kwenye kibodi nyingi za kampuni nyingine Fn haiendi kokote, inaishia ndani ya kibodi yenyewe. Ukibonyeza Fn na F3 kile kichipu cha ndani ya kibodi ndo kinaamua kutuma "ongeza sauti" badala ya "F3", kompyuta inapokea matokeo tu. Kwa hiyo hakuna programu itakayokusaidia kuibadili hiyo Fn, hata ukeshe. Cha kufanya ni kuangalia kama kibodi yako ina kufuli ya Fn, nyingi ni Fn na Esc pamoja, utaona kufuli kadogo kamechorwa kwenye Esc.

Ndo maana nikasema chukua isiyo na Fn kabisa. F2 inatuma F2, imeisha. Kwa mhasibu anayetumia Excel kwenye Mac hii ni raha, F2 anahariri seli na F4 anafunga anwani ya seli moja kwa moja.

F11 itakuletea shida kidogo, ukiibonyeza madirisha yote yanakimbia unabaki na desktopu tupu. Hiyo ni shotikati ya Mac yenyewe, ingia Keyboard Shortcuts, kwenye Mission Control, toa tiki ya Show Desktop.

Vile vitatu vya juu kulia ndo hazina iliyosahaulika. Mac inavisoma Print Screen kuwa F13, Scroll Lock kuwa F14 na Pause kuwa F15. Hizo F14 na F15 zinapunguza na kuongeza mwanga kama skrini ni ya MacBook au iMac, ila kwa skrini ya kawaida ya HDMI hutaona kitu, kwa hiyo ziko huru uzipe kazi nyingine. Print Screen mimi naipa kazi yake ya asili: Keyboard Shortcuts, Screenshots, bonyeza mara mbili pale ilipoandikwa shotikati ya zamani halafu gusa Print Screen, itaandika F13. Kuanzia hapo hamna tena kupinda vidole kwa Command, Shift na 3.

Insert na Num Lock usizitegemee, Num Lock kwa Mac ni kitufe cha Clear, namba za kulia zinabaki namba siku zote. Home na End zinakupeleka mwanzo na mwisho wa faili zima, sio wa mstari, kwa mstari tumia Command na mishale.

Hatua ya 6: Kama bado kuna kitufe kinasumbua

Daunlodi Karabiner-Elements, programu ya kubadili kazi za vitufe kwenye Mac, kwenye tovuti yake yenyewe, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ikifunguka itaomba ruhusa za faragha, ikiwemo Input Monitoring, na kuruhusu draiva yake, bila hizo haifanyi chochote. Ndani yake kuna EventViewer, ianzie hiyo kabla hujagusa kingine. Bonyeza kile kitufe kinachokusumbua uangalie. Jina likitokea, kompyuta inakiona, nenda Simple Modifications, chagua kibodi yako, weka kitufe cha zamani na unachotaka kiwe. Isipotokea chochote, kitufe kinaishia ndani ya kibodi, achana nacho usipoteze jioni yako. Kwenye Function Keys humohumo unaweza kuamua F10 izime sauti, F11 ipunguze, F12 iongeze.

Kwa wenye Linux yanakuwa kinyume: kibodi ya Apple, na hata Keychron ikiwa upande wa Mac, inashikwa na draiva ya hid_apple na F zote zinaweza kugeuka za sauti na mwanga. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/hid_apple.conf uandike ndani options hid_apple fnmode=2, kwa Ubuntu malizia na sudo update-initramfs -u halafu uwashe upya. Namba 2 maana yake F kwanza, 1 ni sauti na mwanga kwanza.

Hatua ya 7: Siku Mac ikigoma kuwaka

Mabadiliko yote ya hatua ya 4 na 6 yanaanza kazi mfumo ukishawaka. Kabla ya hapo vitufe viko kama vilivyozaliwa. Kwenye Mac za Intel, ukitaka kuingia sehemu ya ukarabati shika kitufe cha Windows na R, sio Alt na R, hata kama umeshavibadilisha, na kuchagua diski ya kuwashia shika Alt. Mac mini za chipu za M unashikilia kitufe cha kuwashia tu mpaka machaguo yatokee. Ila hata hizo, ukishafika kwenye machaguo kuna nenosiri la kuandika, na kibodi ya blututhi inaweza isiwe imeungana wakati huo, kwa hiyo hata kama umeshanunua nzuri isiyo na waya ile ya USB usiigawe, iweke kwenye droo.