Dizeli Ikimwagika Shambani: Namna ya Kuurudisha Udongo kwa Samadi na Mizizi

Barabara kuu ya TANZAM, kuanzia mlima Kitonga kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya, imepakana na mashamba ya mahindi na maharage, na lori la mafuta linapopinduka mahali kama hapo dizeli huishia kwenye matuta. Kabla ya kushika jembe, mkulima asubiri eneo litangazwe kuwa salama; yaliyotokea Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu waliokuwa wakichota mafuta, kila mtu anayajua. Kisha achimbe mfereji upande wa chini wa mteremko ili mafuta yasifike mtoni, wala asichome udongo au kuumwagia sabuni, kwa kuwa sabuni huyapeleka mafuta chini zaidi.

Udongo ulioathirika hutambulika mapema: hunuka, na tone la maji likidondoka juu yake hubaki limeviringana kama umande kwenye jani la gimbi. Hata hivyo, ndani yake tayari wamo bakteria na kuvu wanaokula mafuta, hivyo sioni haja ya kununua vijidudu vya chupa. Wanachokosa ni hewa, unyevu na chakula kingine, kwa sababu dizeli ni kaboni na hidrojeni, karibu haina naitrojeni, na wakiila humaliza naitrojeni ya udongo, ndiyo maana mahindi ya hapo hugeuka manjano. Uwiano unaopendekezwa ni naitrojeni 10 na fosforasi 1 kwa kila kaboni 100. Changanya samadi iliyoiva, ongeza urea kidogo kidogo (ikizidi huwaua haohao unaowalisha), na ugeuze udongo kila baada ya wiki mbili kwa kina cha sentimita 20 hadi 30. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Udongo mwingi wa Rungwe na Njombe una tindikali, nayo huwadhoofisha bakteria, kwa hiyo pima, kisha weka chokaa hadi pH ifikie kati ya 6 na 7. Baridi ya Juni na Julai huichelewesha kazi hii. Usikate tamaa mapema.

Harufu ikipungua, panda ukoka, nyasi za vetiva au marejea (mmea wa kurutubisha udongo). Mizizi hainywi dizeli kama wengi wanavyodhani, bali hutoa sukari inayowalisha bakteria na kufungua njia za hewa. Majani hayo wasipewe ng'ombe. Kupima maendeleo, otesha maharage kumi kwenye kopo la udongo huo na kumi kwenye kopo la udongo safi. Tofauti ikiwa kubwa, endelea kugeuza. Yakiota sawasawa, bado sampuli ipimwe maabara kabla ya kupanda chakula.

Oili chafu ya gereji ni jambo jingine, kwani ina metali za risasi na zinki ambazo hakuna bakteria anayezimaliza. Udongo huo utengwe, na afisa mazingira wa halmashauri aarifiwe.