Kupima mfungamano wa kikwantamu wa atomi za shaba kwa mizani ya sumaku

Kazi hii haihitaji leza wala heliamu ya kimiminika. Katika fuwele za asetati ya shaba yenye maji, atomi za shaba zimekaa mbilimbili, umbali wa nanomita 0.26, na spini zake (usumaku mdogo wa elektroni) hufungamana hata kwenye joto la kawaida la chumba, yaani hali ya moja haielezeki bila ya mwenzake. Mizani ya Evans, kifaa cha mezani kinachopima nguvu kati ya sampuli na sumaku, inatosha kuthibitisha.

Yeyusha asetati kwenye maji ya moto yenye matone machache ya asidi ya asetiki, chuja, kisha acha ipoe polepole. Kausha fuwele hewani. Oveni huondoa maji yaliyo ndani yake. Saga kwa kinu cha kauri, kwa sababu chembe chache tu za chuma huharibu kipimo. Jaza mrija angalau sentimita 2 huku ukiugongagonga unga ushikamane. Pima uzito na kimo, ndipo usome mizani. Mizani yenyewe isawazishwe kwanza kwa dutu ya kulinganishia, HgCo(SCN)₄, ambayo kwa nyuzi 20 ina mwitikio (kiasi dutu inavyopata usumaku ikiwekwa karibu na sumaku) wa 1.644 × 10⁻⁵ cm³/g. Ina zebaki: vaa glavu.

Kutokana na usomaji, kimo na uzito, pata mwitikio wa gramu moja, kisha uzidishe kwa 199.65 upate wa moli moja ya shaba. Ongeza 85 × 10⁻⁶ kufidia elektroni zilizo jozi, toa 60 × 10⁻⁶ ya mwitikio usiotegemea joto, halafu zidisha kwa halijoto ya kelvini. Linganisha jibu na g²/16, ambapo g ni namba inayoonyesha nguvu ya usumaku wa spini. Kikomo hiki kinatokana na kazi ya wanafizikia Wieśniak, Vedral na Brukner ya mwaka 2005: spini za nusu zisizofungamana haziwezi kushuka chini yake, hata zipangweje. Kinahitaji jumla ya vipimo vya pande tatu, na unga hukupa wastani wa pande zote bila kugeuza fuwele.

Wengi hukwama kwenye g. Ukiweka 2, kikomo ni 0.25, nawe utapata karibu 0.23, tofauti ndogo mno kuiamini. Thamani halisi ya asetati ni takriban 2.16, hivyo kikomo ni 0.29 na pengo ni la kweli.

Ogopa zaidi makosa yanayoshusha jibu, maana hayo huzua mfungamano usiokuwepo: unga wenye unyevu, au kusahau ile 85. Uchafu wenye spini huru hupandisha jibu, basi huficha tu. Pima pia salfeti ya shaba yenye maji matano, gramu 249.7 kwa moli; isipokupa karibu 0.45, usiamini kipimo cha asetati.

Spini zikikaa mbali zaidi, kwa kawaida nguvu inayoziunganisha hupungua, na baridi inahitajika: nitrati ya shaba huvuka kikomo karibu na kelvini 5. Katika fuwele ya Sr₁₄Cu₂₄O₄₁, spini pweke zilizotengana mamia kadhaa ya angstromu (moja ni nanomita 0.1) hufungamana kupitia mnyororo wa spini zilizo katikati. Huko mizani ya mezani haifai. Tumia magnetometa ya SQUID, kipima-sumaku nyeti sana, na upime pia joto mahsusi (joto linalohitajika kupandisha halijoto) la fuwele hiyohiyo kwenye nguvu tofauti za sumaku.