Kulinganisha uzalishaji viwandani wa Rwanda na Burundi, hatua kwa hatua

Msimu wa tasnifu ukifika hapa Dodoma, mada hii huwa haikosekani kwa wanafunzi wa UDOM na wa Chuo cha Mipango. Juzi nilikaa na mmoja wao mpaka jedwali lake likakaa sawa, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Nchi hizi zinalinganishika vizuri: idadi ya watu inakaribiana, hazina bahari, ziliingia pamoja Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mizigo yao hupita kwetu kwenye Ukanda wa Kati, yaani njia ya kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Pakua data

Ingia kwenye hifadhidata ya Benki ya Dunia, chukua faili la CSV, lifungue kwa LibreOffice Calc. Bakiza safu za RWA (Rwanda) na BDI (Burundi). Kunakili namba kwa mkono kutoka kwenye PDF usijaribu kabisa.

Hatua ya 2: Chagua mfululizo sahihi

Hapa usiwe na haraka, maana kazi nyingi huharibikia hapa.

Mfululizo (takwimu za kipimo kimoja mwaka hadi mwaka) ambao msimbo wake unaanza na NV.IND.TOTL unaitwa wa viwanda, lakini ndani yake mna madini, ujenzi, umeme na maji. Ukiutumia, maghorofa ya Kigali na bati la migodini vyote vitahesabika kama viwanda. Chukua NV.IND.MANF, ambao ni uzalishaji viwandani peke yake.

Kisha angalia herufi za mwisho. CD ni dola kwa bei za mwaka husika. KD ni dola kwa bei za mwaka wa kizio 2015, yaani miaka yote inapimwa kwa bei za mwaka huo mmoja. Kwa kulinganisha miaka, CD iache. Mei 2023 Burundi ilishusha sana thamani ya faranga yake. Kwenye CD mstari wake unaporomoka, hata kama kiwanda cha bia kimejaza chupa zilezile za mwaka uliotangulia.

Ukikuta mapengo, seli ibaki tupu. Usiweke sifuri, kwa sababu sifuri maana yake viwanda vyote vilisimama. Kama pengo ni kubwa, nenda kwenye takwimu za ofisi ya taifa ya nchi husika, lakini huko utakutana na mabadiliko ya mwaka wa kizio. Sisi Tanzania tulitoka 2007 tukaenda 2015. Rwanda ilitoka 2014 ikaenda 2017. Mfululizo wa zamani na mpya haubandikwi tu mmoja chini ya mwingine.

Tafuta mwaka uliomo kwenye mifululizo yote miwili. Tuseme wa zamani unasema 400 na mpya unasema 500. Gawanya 500 kwa 400, unapata 1.25. Zidisha miaka yote ya nyuma kwa 1.25, kisha unganisha. Kasi ya ukuaji ya kila mwaka inabaki ilivyokuwa. Bila hivyo utaonyesha ukuaji wa asilimia 25 ambao haukutokea kiwandani, umetokea kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Tengeneza fahirisi

Gawanya thamani ya kila mwaka kwa ile ya mwaka wa kuanzia, zidisha kwa 100. Mimi naanzia 2007. Tafadhali usianzie 1994: mwaka wa mauaji ya kimbari uzalishaji wa Rwanda ulianguka vibaya, na kila kinachofuata kitaonekana muujiza. Burundi nayo iliingia vitani 1993, kwa hiyo miaka ya tisini haifai kuwa mizani kwa yeyote kati yao.

Hatua ya 4: Chora

Mchoro wa mistari, kipimo cha logi, ambacho ukuaji wa asilimia ileile huonekana kwa mwinuko uleule.

Hatua ya 5: Rudisha ukubwa

Kwenye fahirisi nchi zote zinaanza na 100, na msomaji anaweza kudhani zilikuwa sawa. Chini ya mchoro weka jedwali dogo: thamani halisi ya mwaka wa kwanza na wa mwisho, kwa nchi nzima na kwa kila mtu, na tarehe uliyopakua data, kwa kuwa Benki ya Dunia hurekebisha hata namba za miaka ya nyuma.